Uliza Yaya: Kila akirudi ananikuta katika siku zangu

Mwezi huu mimi Yaya, dada yenu mkubwa, nimechagua barua tatu za ndoa. Ya kwanza imekula karibu kurasa zote. Wale wengine wawili wanisamehe, ya kwao yalijibika haraka.

*Yaya,*

*Nimeolewa tangu Aprili, tunapanga vyumba viwili hapa Katuba, Lubumbashi. Mume wangu anaendesha lori kubwa la mgodi upande wa Fungurume: wiki tatu kule, wiki moja nyumbani. Tulifunga ndoa hatujajuana kimwili, ndivyo tulivyolelewa wote wawili. Siku za harusi alipewa ruhusa fupi. Tulijaribu, niliumia sana, nikanyamaza. Yeye akadhani mambo yako sawa, akarudi kazini.*

*Tangu pale, kila akirudi ananikuta katika siku zangu. Si uongo, Yaya. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili akasema, "Haya." Mara ya tatu akaniuliza, "Una hakika?" Mwezi uliopita hakuuliza kitu, alichukua blanketi akaenda kulala sebuleni na mdogo wake, ambaye tunakaa naye kwa sababu anasoma karibu na hapa. Simu yake siku hizi anailaza kifudifudi. Mama mkwe ananitazama tumbo kila Jumapili tukitoka misani. Mshahara wa mume wangu siujui. Ananiachia pesa ya unga, makala (mkaa) na mboga, ikiisha ananitumia nyingine kwa simu.*

*Nikuambie ukweli: ile mara ya pili, nilipoona damu imefika siku moja kabla yake, nilipumua. Sasa naogopa kwamba aliniona. Tutaanzaje kuaminiana, watu ambao hata kukaa pamoja hatujakaa?*

*Mke wa Dereva, Katuba*

Mdogo wangu, kabla ya mambo ya moyo, chukua kalenda. Ile ya parokia inayoning'inia ukutani inatosha. Wiki tatu na wiki moja ni siku 28. Na mwanamke ambaye mwezi wake hauyumbi, mara nyingi naye anazunguka kwenye siku 28 hivi, ingawa kuna wa 24 na kuna wa 33, na wote ni wazima. Basi kama damu yako iliwahi kuanza siku anayoshuka kwenye basi, itaanza siku hiyohiyo safari ijayo, na ile ya mbele yake, kwa sababu wewe na mgodi mnatembea kwa hesabu moja. Hakuna aliyekuloga na hakuna anayedanganya. Nilifanya ukunga miaka mingi katika mji huu, na wake za watu wa migodi wameniletea kitendawili hiki zaidi ya mara moja, kila mmoja akidhani ni wake peke yake.

Hesabu hiyo pia inamjibu mama mkwe. Yai la mwanamke hushuka karibu siku 14 kabla ya damu inayofuata, na halikai zaidi ya siku moja hivi. Mbegu ya mwanamume inaweza kungoja ndani ya mwili hadi siku tano. Kwa mwezi wa siku 28, siku zako za kushika mimba ni kama kuanzia ya 9 hadi ya 14, ukihesabu tangu damu ilipoanza. Siku ya 9 mume wako yuko wapi? Amekwisha pita Likasi zamani, amevaa kofia ya kazi. Watu wa afya huwaambia mume na mke wenye umri mdogo wangoje mwaka mzima wa kulala pamoja mara kwa mara kabla ya kuanza kuulizana kuhusu mtoto. Ninyi hata wiki moja kamili hamjaipata. Mama mkwe simwoni kuwa mbaya, anataka mjukuu kama sisi sote. Lakini mwenye kumweleza ni mwanawe, si wewe.

Dawa ya kalenda yenyewe ni ndogo. Mume wako amuulize mkubwa wa timu yake kama anaweza kuhamia zamu ya mwenzake. Akisogeza kurudi kwake mbele kwa wiki moja au mbili, atakukuta siku ya nane au ya 15, na mambo yote yamebadilika. Vidonge vya kusogeza hedhi vipo, ila huko usiende bila muuguzi, na mimi nisingeanzia hapo.

Hayo yote angekuambia nesi yeyote. Barua yako niliichagua kwa sababu ya lile neno dogo: nilipumua.

Damu yako haina kosa, lakini kule kupumua ndiko alikokuona. Mtu aliyekaa wiki tatu kwenye kabini ya lori akiuwaza uso wako, akifika anauchungulia kwa makini. Ukimwambia "niko katika siku zangu" huku mabega yameshuka kwa raha, atasikia maneno, ataona mabega, na ataamini mabega. Halafu, kwa kuwa hajui aulize vipi, anajitungia mwenyewe: hanitaki, kuna mwingine, baba yake alimsukuma kwa ajili ya mahari. Wewe nawe upande wako unatunga yako kuhusu simu iliyolala kifudifudi. Mmefunga ndoa juzi na tayari kila mmoja ana hadithi nzima juu ya mwenzake, na hakuna aliyemsomea mwenziwe ya kwake.

Tuongee maumivu basi, bila kuzungukazunguka. Wasichana wengi wa hapa wameambiwa kwamba kuumia ni sehemu ya ndoa na mke mwema anavumilia. Huo ni uongo wa zamani. Mara ya kwanza kuvutika kidogo kunaweza kuwepo, lakini kuumia mpaka unauma mto, hapana. Mara nyingi ni haraka tu: mwili wa mwanamke unachelewa kulainika kuliko wa mwanamume kusimama, na ukiingiwa mkavu utachubuka. Au ni woga. Misuli ya mlango wa uke inajifunga yenyewe bila wewe kuiamuru, na kadiri ulivyoumia jana ndivyo inavyobana zaidi leo, kwa hiyo kujikaza na kusali "ipite haraka" kunaongeza tu. Au kuna ugonjwa: fangasi, majimaji yenye harufu, au maambukizo ya mkojo. Hili la mkojo linawapata sana maharusi wapya. Unakojoa kila saa, kidogo kidogo, na kunachoma kama pilipili. Kwenda chooni mara baada ya tendo kunasaidia kulizuia, na likishakupata linatibika kwa dawa ya siku chache, usilinyamazie mpaka homa na maumivu ya mgongo vije.

Nyingine naitaja kwa hasira. Kuna tantini (mashangazi) wenye nia njema wanaowapa mabibi-harusi unga wa mizizi na majani ili wawe wakavu na wa kubana, eti mume anapenda. Ngozi kavu inachanika, na penye mchaniko ndipo virusi vya ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa yanapopata njia. Kama uliwekewa kichupa kwenye sanduku la harusi, kitupe leo. Sisemi vibaya mafundisho ya bibi zetu. Wale wa upande wa Wabemba waliopitia kisungu, unyago wa wasichana, walifundishwa mambo mazuri sana, mojawapo ni mume na mke kumiminiana maji wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo vijana wa leo wenye bafu la marumaru hawalijui. Hilo lishike. Unga uache.

Sasa wiki yake ijayo. Usimwambie mlangoni. Njia ya Fungurume ina vumbi, magari yamejaa, mwache aoge, ale bukari yake kwa amani. Kama alikuwa zamu ya usiku, mwili wake haujui bado kwamba usiku ni wa kulala. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia saa tano asubuhi, na saa nane usiku atakuwa anatazama bati. Ndiyo saa yako hiyo. Kama umeme umekatika, na utakuwa umekatika, washa mshumaa. Tia makala mawili kwenye mbabula (jiko la mkaa) pale nje, chemsha chai. Ila mbabula ibaki nje, hewa yake imeua watu waliolala wamefunga madirisha. Mwonyeshe kalenda kwanza, umhesabie kwa kidole, tarehe zake na tarehe zako. Mwanamume wa mashine anaelewa ratiba. Ataicheka mwenyewe.

Akishacheka, ndipo umwambie la pili. Kwa maneno yako, lakini mimi ningesema hivi: "Siku zile za harusi niliumia, sikukwambia. Naogopa kuumia tena. Wewe sikuogopi." Halafu nyamaza. Ataona aibu, wanaume huona aibu hapo, wengine wanageuza utani, wengine wanauliza swali la kijinga. Usimsaidie kwa maneno mengi. Mwache akae nalo mpaka amalize kikombe.

Ile wiki mkubaliane kwamba tendo lenyewe halipo. Damu ikiwepo, isiwepo, halipo. Mwili ukishajua leo hakuna mtihani, unalegea. Mtu anayekaa kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye lori linalotikisika ana mgongo wenye mafundo kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mkande. Tumia mafuta ya kawaida ya kujipaka. Mawese hapana, yataharibu mashuka mliyopewa na wageni. Kesho yake akukande wewe, miguu, mabega, kichwa, na umwambie wazi panapopendeza na panapokuchosha, maana hajui, atajulia wapi? Utashangaa usiku wa tatu mikono yake imekuwa na akili. Mkilala mmekumbatiana na hakuna aliyedai kitu, hapo ndipo woga unapoanza kutoka, na yeye pia anapata jibu la swali lake, kwamba unamtaka karibu.

Siku mtakayoanza tena, uongozi uwe wako. Wewe unasema sasa, unasema ngoja, unasema basi, na "basi" yako inasikilizwa bila kununa. Ulale ubavu au ukae juu yake, ili mwendo uwe mikononi mwako. Famasi zinauza jeli ya kulainisha ya maji, iombe bila kunong'ona, wauzaji wamezoea. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka yasitumike pamoja na kondomu, yanaudhoofisha mpira mpaka upasuke. Na kama mmejaribu kwa utulivu na bado panauma, au kuna harufu, homa, damu baada ya tendo, nenda kituo cha afya na ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ile misuli inayojifunga ina matibabu yake, mazoezi ya pole pole ambayo mkunga mwenye ujuzi anakufundisha. Haihitaji maombi ya kufukuza pepo. Nimeona mabinti waliozungushwa kwa wachungaji mwaka mzima kwa jambo hilo.

Kuhusu shemeji yako mdogo: nyumba za kupanga Katuba nazijua. Ukuta unaishia kabla ya bati, na mtu akikohoa chumbani, wa sebuleni anamjibu pole. Hakuna mwanamke atakayelegea akimsikia shemeji anageuza kurasa za daftari. Ile wiki moja kijana aende akalale kwa mama yake, awe anakuja kula tu. Ombi hilo litoke kinywani mwa mume wako, kwa mama yake mwenyewe, na sababu isitajwe. Mama yeyote aliyewahi kuolewa ataielewa. Likitoka kwako litakuwa "ameanza kufukuza ndugu," na utalisikia mpaka wajukuu waolewe.

Simu usiipekue. Ukikuta kitu, huwezi kusema umekiona wapi. Ukikosa, kesho utapekua tena. Omba kitu kingine, kilicho kigumu zaidi: wakati mmoja wa kila siku ambao ni wenu, baada ya zamu kuisha, dakika kumi, hata kama hakuna habari. Kwenye lori simu hairuhusiwi, hilo ulijue ili usihesabu kimya cha mchana kama dharau. Na siku asiyoweza, aandike neno moja kabla, si baada. Katika dakika hizo kumi usimwimbie matatizo tu. Mwambie dagaa wa kapenta wamepanda bei, jirani wa nyuma amenunua mbuzi anayelia kama mtoto, choo cha mwenye nyumba kimebomoka tena. Mtu aliye mbali anachotaka kukijua ni nyumba yake inaendeleaje akiwa hayupo. Ukimpa hivyo vidogo, ataanza kukupa vyake: nani amefukuzwa, nani amelala kwenye usukani, mpishi wa kambi alivyounguza maharagwe.

Kama wasiwasi wako ni wanawake wa kambini, usiuzungushe. Mpimwe damu pamoja, siku moja, chumba kimoja, kama jambo la nyumba na si la mashitaka. Maambukizo mapya sana yanaweza yasionekane kwenye kipimo, kwa hiyo mpimwe tena baada ya miezi mitatu. Na mpaka hapo, ile jeli ya maji inakubaliana na kondomu.

Limebaki la mshahara, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu mji wetu una historia nalo. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilianza 1906, na katika miaka ya 1920 iliona kwamba wanaume wasio na wake wanatoroka kazi, ikaanza kuwakalisha kambini pamoja na familia zao. Posho ya unga ilipimwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Kampuni ya serikali, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, ilipochukua mahali pake 1967 desturi ya posho ikaendelea. Mama zetu huenda hawakujua mshahara wa baba, lakini gunia waliliona likishuka, na walijua kama ni kamili au limepungua. Leo gunia hakuna. Pesa inaingia kwenye benki au kwenye simu, kimya, na mke anaona tu kinachomwagikia jikoni. Mwanamume hana haja ya kudanganya ili afiche. Anachotakiwa ni kukaa kimya tu. Ndiyo maana mimi siamini ile habari ya "mume mzuri ni yule anayeleta." Aliyeleta kiasi gani, akabakiza kiasi gani, kwa ajili ya nini?

Hata hivyo usianze kwa kudai karatasi ya mshahara. Ndoa bado changa, atasikia kama polisi wa barabarani wanaomwomba hati. Anza na jambo moja lililo mbele yenu nyote wawili. Pesa ya nyumba ya Desemba inatoka wapi? Mwenye nyumba akitaka garanti (amana ya kupanga) iongezwe, tuna nini? Hesabuni hilo pamoja kwenye daftari, wewe ukiandika. Kama una likelemba (mchango wa kupokezana) na wanawake wenzako sokoni Njanja, mwambie unatoa kiasi gani na zamu yako ya kupokea ni lini. Fungua mfuko wako kwanza, maana wanawake nasi tuna vifundo vyetu kwenye kanga, tusijifanye. Kwa Desemba hiyo hiyo atajikuta anataja tarakimu bila kuulizwa.

Ujue pia sheria inasema nini, si ya kumpigia mumeo kelele, ya kukaa nayo kichwani. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi. Ilirekebishwa Julai 2016, na sasa inawataka mume na mke wakubaliane wote wawili wanapojifunga kwa jambo la kisheria. Siku ile mlipofunga ndoa kwenye ofisi ya komini, yaani manispaa, ofisa aliwauliza mnachagua utaratibu gani wa mali. Wengi hawakumbuki walichojibu, walikuwa wanatazama mpiga picha. Kama hamkuchagua, sheria inahesabu kwamba mlichokipata baada ya ndoa ni chenu wote, na kila mtu anabaki na cha kwake cha kabla. Mkiwa na chai yenu ya saa nane usiku, muulize kama anakumbuka. Ni swali jepesi na linafungua mengi.

Niandikie baada ya safari mbili.

*Yaya,*

*Nina mwaka mmoja wa ndoa, naishi Ruashi. Kila jambo la nyumba yetu mke wangu analipeleka kwa dada yake mkubwa. Tukigombana asubuhi, jioni huyo dada, mulamu (shemeji) wangu, ananiangalia kama mwizi wa kuku. Juzi alinitania kuhusu kitu nilichokisema kitandani. Kitandani, Yaya! Sasa nimeacha kuzungumza. Nifanye nini?*

*Aliyenyamaza, Ruashi*

Ndugu yangu, mkeo amekosa, na dada mtu amekosa zaidi, kwa kuwa hata alichoambiwa hakuweza kukimeza. La kitandani halitoki. Hapo sina ubishi.

Lakini umeacha kuzungumza. Basi atazungumza na nani? Mwanamke aliyetoka nyumba yenye dada watatu, akaingia nyumba yenye mwanamume mmoja aliyenuna, ataenda penye maneno. Kadiri unavyonyamaza ndivyo unavyompeleka kwa dada yake kwa miguu yako mwenyewe.

Kaeni mpange mipaka, na mpange kwa mifano, siyo kwa "usiseme mambo yetu," maana mambo yenu ni yapi? Ugonjwa wa mtoto aseme. Bei ya garanti aseme akitaka. Deni lako, ugomvi ambao haujaisha, na lolote la chumbani, hapana. Na mchague mtu mmoja wa kupelekewa yanapowashinda, mnayemkubali wote wawili. Kwa kawaida ndiyo kazi ya wasimamizi wenu wa ndoa, wale mliowavalisha nguo za bei na tangu siku ile hamjawatembelea. Mulamu wako umwambie wewe mwenyewe, kwa heshima, akiwa peke yake: utani ule sikuupenda. Mara moja tu, usirudie.

Halafu, ndugu yangu, na wewe umeniandikia mimi, na mimi nimeichapisha barua yako. Nimebadilisha mtaa kidogo. Ila mkeo akisoma kuhusu mwizi wa kuku, sijui kama hatakutambua.

*Mama Yaya,*

*Mimi ni mama wa makamo, wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Mwanangu wa kiume ameoa, wanakaa kwangu nyumba ya uani mpaka wapate yao. Mke wake anafunga mlango saa nane mchana, Jumamosi, jua linawaka, na mwanangu yuko ndani. Watoto wa parsele (ua wetu) wanauliza. Wakati wetu hatukuona mambo haya. Nimwambieje huyu binti?*

*Mama wa Kenya*

Mama, shikamoo. Usimwambie kitu.

Mwanao anafanya kazi siku sita, anarudi giza limeingia, na uani kwako usiku kuna watu tisa, kama hesabu uliyonipa chini ya barua ni sahihi. Ametafuta saa ambayo watoto wako mpirani na wakubwa wamesinzia. Binti hajakudharau. Angekuwa hana adabu, angeuacha mlango wazi.

Watoto wakiuliza, waambie wanapumzika. Watume wakalete munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwa jirani wa mbali. Na wewe Jumamosi hamisha kiti chako, kiweke upande ule wa mwembe, ambako najua kivuli cha saa nane ni kizuri zaidi. Ukitaka kusema neno na mkweo, mwambie aje akusaidie kuchambua sombe (kisamvu) saa kumi na moja. Usimwite kabla.